Nyota Shavu la Kulia

Jumanne, 26 Septemba

Wameuza ukumbi wa Alma. Roy katuambia leo jioni, hata koti hajavua. Ukishapita mwaka mpya wanaubomoa wajenge fleti. Sisi akina mama wa Jumanne tulikuwa tumekaa mahali petu pa siku zote, ndoo ya kukinga mvua katikati ya meza, na tukabaki tukimkodolea macho. Hata mimi, Glenys Hadley, niliyekuwa nikinyamazisha bwalo zima la watoto wa shule kwa kugonga mwiko mara moja, nikaishia kuisogeza ndoo.

Roy ndiye mpiga gitaa wa Tausi, bendi yetu ya ujana. Siku hizi anauza ndoano na chambo, lakini kwetu bado ni mpiga gitaa wa Tausi.

"Tutapiga mara moja ya mwisho," akasema. "Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Sote tuliobaki."

Lorraine wetu, mdogo wangu huyu asiyejua kungoja, akauliza lililokuwa mdomoni mwa kila mtu. "Na Jasper?"

Roy akaanza kuizungusha kofia mkononi. "Trevor tutaona." Trevor ndilo jina la nyumbani la Jasper, mwimbaji wetu.

Nimenunua daftari hili nikirudi nyumbani. Mwaka wa sabini na tatu, Tausi walipopiga Alma, sikuandika chochote, nilidhani mambo kama yale hayasahauliki. Safari hii naandika.

Alhamisi, 28 Septemba

Mvua. Nimeiwaza Desemba kutwa nzima, mpaka nikaunguza sufuria.

Jumapili, 1 Oktoba

Lorraine kaja kula, tukashusha santuri zote za Tausi kutoka juu ya kabati. Nyingine zimekwaruzika hata hazichezeki, ila majalada yake tunayashika kama vitoto vichanga.

Mtu asiyewajua Tausi atadhani nimerukwa na akili, basi niandike. Walikuwa vijana wanne wa hapa hapa Tipton, wamezaliwa Mtaa wa Tausi nyuma ya kiwanda cha minyororo, na jina la bendi wakalitoa huko. Nyumba za mtaa ule choo kilikuwa uani, ukienda kujisaidia usiku wa baridi unabeba taa na kumwomba Mungu. Sasa hebu fikiria. Alhamisi moja jioni mimi na Lorraine tumekaa mbele ya televisheni, kipindi cha muziki cha kila Alhamisi, baba kwenye kiti chake, masizi ya kiwandani bado masikioni. Mara anatokea Trevor Bytheway, mtoto wa mama Bytheway anayefua nguo za watu, anaitwa Jasper Lark. Suti ya fedha inayong'aa kila anapopumua. Suruali ya bugaluu, pana kama sketi mbili. Viatu vya raizoni vyenye soli nene hivi kwamba nilihofia ataanguka aumie. Na shavuni, nyota ya fedha.

Baba akaweka kikombe chini. "Huyo ni mwanamume au mwanamke?"

"Ni wa Tipton, baba," nikamjibu.

Hakuna kitu maishani mwangu kilichonishangaza kama kile. Si suti, si sauti, ingawa sauti ile ilikuwa inaingia mwilini kama chai ya moto. Kilichonishangaza ni kwamba alitoka kwetu. Mimi nilidhani watu wa kwetu tumeumbwa kwa rangi ya moshi, kuanzia koti mpaka mapafu. Kumbe mtu anaweza kutoka uani kwenye choo cha baridi, akang'aa vile, na dunia nzima ikamtazama bila yeye kuomba radhi.

Kesho yake tulikula chokoleti kwa ajili ya karatasi yake ya fedha tu. Tukakata nyota, tukazibandika kwa uji wa ngano. Alhamisi zilizofuata mitaa yote ya hapa ilijaa wasichana wenye nyota shavuni.

Halafu wakaja kupiga Alma. Jasper hakuwa anatoka mpaka umwite kwa miguu: mbili za haraka, moja nzito. Mbili, moja. Ukumbi mzima. Tulipiga miguu mpaka dari likatumwagia chokaa, Lorraine akadhani ni theluji. Na yeye akatoka. Nilikuwa mbele kabisa, karibu na spika, na hadi leo sikio hili halisikii vizuri, na sijawahi kulijutia.

"Unalia?" Lorraine kaniuliza leo.

"Vumbi la santuri."

"Vumbi la miaka hamsini," kasema, naye akajifuta lake.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimegombana na Denise. Denise ni mgeni kundini kwetu, alikuwa karani wa maktaba, mtu wa miwani na penseli. Leo kaja na picha kubwa ya Jasper, kaiweka mezani pembeni ya ndoo.

"Jamani, naomba mtazame. Nyota iko shavu gani?"

Tukatazama. Shavu la kushoto.

"Na nyie mnachora wapi?"

Lorraine akajigusa shavu la kulia. Mmoja mmoja, wote tukajigusa shavu la kulia.

Loh! Miaka hamsini! Ukifikiria, kosa ni rahisi. Tulikuwa tunamtazama kwenye televisheni, ametuelekea, na sisi tukaiweka nyota upande ule ule tulioiona. Kushoto kwake, kulia kwetu. Hakuna hata mmoja aliyekaa akajigeuza kichwani.

"Basi kwa onyesho la mwisho tufanye sahihi," Denise akasema. "Kwa heshima yake."

"Heshima gani?" nikamjia juu. "Nimechora hapa tangu nina miaka kumi na minne. Nimeolewa nayo hapa! Ken, Mungu amrehemu, alinibusu juu yake!"

"Basi Ken naye alikosea shavu."

Wakacheka wote, hata Lorraine msaliti. Ikapigwa kura. Desemba tunachora kushoto. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua na ndoo. Roy kasema ukweli hatimaye. Trevor alipata kiharusi wakati wa Pasaka. Kuimba anaweza, Roy kamsikia kupitia dirisha. Lakini uso wa upande mmoja umelegea, na tangu atoke hospitali hajakanyaga nje ya geti. Kuhusu Desemba kasema hapana.

"Hapana ya leo au hapana ya moja kwa moja?" nikauliza.

"Hapana ya Trevor."

Kuna mtu wa Stoke anayejitafutia riziki kwa kumwiga Jasper. Roy kamwita. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa maiti haipo, lakini mazishi yapo.

Nitaandika wazi, maana hapa hakuna wa kunicheka. Tangu Ken afariki na mimi nistaafu, watu wananipita dukani kama wanapita nguzo. Nataka nimwone Jasper amesimama Alma mara moja tu kabla hawajaibomoa. Aliyenifundisha kwamba mtu wa kwetu anaweza kutazamwa ni yeye. Akijificha yeye, mimi nitasema nini?

Ijumaa, 13 Oktoba

Mfereji umefurika mpaka njia ya watembea kwa miguu. Sikutoka.

Jumanne, 17 Oktoba

Jasper wa Stoke kaja mazoezini. Baba wa watoto watatu, mpole, ana adabu, kaniita mama na kaninunulia chai. Suti yake imeshonwa vizuri kuliko ile yenyewe. Nyota shavu la kushoto, Denise akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sauti sawasawa. Hakukosea hata mahali pamoja, na nilipomtazama sikuhisi chochote. Jasper halisi alikuwa anasahau maneno, anacheka, anatuachia sisi tuimbe.

"Huyu mzuri," Lorraine akaninong'oneza.

"Mzuri sana. Kama ua la plastiki."

"Glenys, ulimi wako ungekuwa kisu ungetulisha nyama mji mzima."

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua. Inasemekana ni Maxine, mkewe, ndiye anayemzuia. Hapokei simu ya Roy. Nimemchukia mwanamke huyo bila kumjua.

Jumamosi, 28 Oktoba

Sasa namjua. Nilikuwa kwa mchinjaji nanunua nyama ya nguruwe, nikasikia mchinjaji anasema, "Na hii yako, Bi Bytheway." Nikageuka. Mwanamke mwembamba, koti la mvua, macho ya mtu asiyelala.

Adabu ilinitoka. "Wewe ndiye uliyemfungia Trevor ndani?"

Mchinjaji akabaki na kisu hewani.

Maxine akanitazama juu mpaka chini. Nikangoja matusi, na haki yake ningempa.

"Ulikuwa jikoni pale shuleni," akasema. "Ulimpa mwanangu uji wa kastadi mara mbili kila Ijumaa."

"Huenda."

"Njoo Jumapili ijayo. Ukiweza kumfungulia wewe, mimi nitakushukuru."

Akachukua soseji zake akaondoka. Niliona aibu, nikasahau na chenji.

Jumapili, 5 Novemba

Niandike taratibu.

Nilichemsha njegere kavu na nyama, maana kwenda mikono mitupu siwezi. Leo ni sikukuu ya fataki, na watoto walikuwa wameanza kuzilipua mchana kweupe. Maxine akanifungulia. Ukumbini kwao niliona taulo limetundikwa ukutani, sebuleni shuka limefunika kitu juu ya jiko la makaa, hata kabati la glasi limebandikwa magazeti. Nikadhani wanapaka rangi.

"Ni vioo," Maxine akasema kwa sauti ya chini. "Siku aliyotoka hospitali aliniambia, Max, funika vyote. Unadhani ni mimi niliyemfunga?"

Nikamshika mkono.

Alikuwa amekaa dirishani, amenipa upande wa kulia wa uso. Sweta la kahawia, ndara miguuni. Mungu wangu, nilidhani nikimwona mzee wa sweta kitu fulani kitanikatika. Kilifanyika kinyume. Ile pua, lile sikio, ule mkono uliokuwa unashika maikrofoni. Alikuwa anapumua hewa moja na mimi. Nikamwambia Jasper Lark, maneno ya kwanza niliyomwambia maishani mwangu: "Nimekuletea njegere."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Basi kaa."

Maneno yake yanatoka mazito, yanaburuta mguu, lakini yanafika. Nikakaa. Nikaanza kupayuka kama redio. Nikamweleza Alma inavyovuja, nikamweleza ndoo, nikamweleza mtu wa Stoke. Hakugeuka.

"Yule kijana ana uso mzima," akasema. "Mwacheni aimbe."

"Hatumtaki yeye."

"Mnamtaka Jasper." Hapo akageuka. Upande wa kushoto wote umeteremka, jicho na shavu na pembe ya mdomo. Akaligusa shavu kwa kidole cha mkono mzima. "Nyota yangu ilikuwa hapa. Nitachora nini sasa? Nyota inayoanguka?"

Akajaribu kucheka na nusu moja tu ya uso ikacheka. Nilitaka kulia, nikajizuia, maana nilijua nikilia pale nimemmaliza.

Ndipo nikamsimulia ugomvi wa mashavu. Kwamba Denise katuletea picha. Kwamba tumekosea miaka hamsini, wote, mji mzima, na sasa kura imepita tujisahihishe. "Samahani," nikamwambia. "Hatukuwa tunajua. Tulichora upande tuliokuona."

Akanikodolea jicho zima. "Upande gani?"

Nikagusa shavu langu la kulia.

Akaanza kutikisika. Nikadhani mshtuko mwingine, nikainuka nimwite Maxine. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka chozi likamtoka kwenye jicho lililolegea, Maxine akaja mbio kutoka jikoni na kijiko mkononi.

"Max! Wanadhani walikosea!" Akavuta pumzi. "Sikiliza, dada. Wewe ulikuwa unasimama wapi?"

"Mbele. Karibu na spika."

"Basi ni wewe. Au mwenzako. Jukwaani hakuna kioo, unaelewa? Jasho linamwagika, taa zinaunguza, hujui kama nyota ipo au imeshafika kidevuni. Nilikuwa nainamisha macho, nawatazama nyie. Nawaona mmeniwekea hapa hapa, mkabala na yangu, mia kwa mia, kama nimejitazama kwenye kioo. Msichana wa mbele nyota yake ikichuruzika, najua na yangu itakuwa imechuruzika, najifuta." Akajifuta, kuonyesha. "Mngechora kushoto ningewaona wageni. Msiguse hiyo nyota. Mwambie huyo wa maktaba."

Nilikaa na sahani mapajani, sijui chai nilikunywa au sikunywa. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namtazama yeye.

Mlangoni nikauliza, "Desemba utakuja?"

Akawa amegeukia dirisha tena. "Njegere zako nzuri," akasema.

Jumanne, 7 Novemba

Nimewasimulia. Lorraine alilia waziwazi, na mama aliyekaa mwisho wa meza akapiga makofi. Kila mtu akamtazama Denise. Nilikuwa nimeandaa kijembe cha kumchoma nacho tangu Jumapili.

Denise akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi sikuingia Alma mwaka ule," akasema. "Mama alikataa. Nilikuwa na picha tu. Nikiwa na picha nilikuwa na muda wa kufikiria kushoto ni wapi."

Kijembe nikakimeza. Nikamsogezea biskuti. Kura ya pili haikuhitajika.

Jumanne, 14 Novemba

Ndoo ya pili imeongezwa. Hakuna habari kutoka kwa Trevor.

Jumapili, 19 Novemba

Maxine kapiga simu. "Kaimba bafuni. Wimbo wote, ule wa Tausi, wa Doreen." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyeona ndege adimu dirishani. Nikanong'ona na mimi, sijui kwa nini.

Jumamosi, 25 Novemba

Roy kamleta Trevor Alma kwa mlango wa nyuma, mazoezini, sharti asionekane na mtu. Sisi tulikuwa tunasugua sakafu ya ukumbi. Pazia limefungwa. Gitaa likaanza, na nyuma ya pazia ikatoka sauti ile. Imezeeka, imekwaruza, maneno mengine yanateleza, na ni yenyewe. Wimbo ni "Nifungulie Lango, Doreen", kijana kachelewa kurudi na mama mwenye nyumba kamfungia nje kwenye mvua, upuuzi mtupu, na mimi nikiusikia nasimama kama askari. Hakuna aliyesugua. Maji ya sabuni yalimwagikia viatu vyangu nikayaacha.

Wimbo ulipoisha pazia halikufunguka. Tukasikia gari linaondoka.

Ijumaa, 1 Desemba

Roy anasema anakuja. Maxine anasema haji. Jasper wa Stoke kaambiwa avae tu, akae tayari. Lorraine kaja kulala kwangu, kaleta unga wa kumeta wa kutosha shule nzima. Nimemuuliza: akitoka yule wa Stoke, utapiga makofi? Kanijibu, "Nitapiga, kwa sababu si kosa lake. Halafu nitakwenda chooni nilie." Mdogo wangu ana akili kuliko mimi, na sitamwambia.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Tulipofika Alma jioni foleni ilikuwa imezunguka mpaka kwa muuza chipsi. Wazee wa nyonga za bandia wamevaa raizoni, wameshikiliana wasianguke. Wanaume wenye vitambi ndani ya satini. Na kila shavu la kulia, kila moja, nyota. Denise kavaa suruali ya fedha! Denise! Nyota yake kaichora kwa rula, naapa, lakini iko kulia. Nikamkumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikapinda.

Tulikuwa tumeshasimama mahali petu karibu na spika, Maxine akatokea mlango wa pembeni, akaniita kwa mkono.

Chumba cha wasanii kinavuja, kwa hiyo walikuwa wamemweka jikoni. Nilipoingia nikaona sinki, birika kubwa la chai, mataulo ya vyombo, nikajisikia nimefika nyumbani. Trevor alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya suti ya fedha, ile yenyewe, Maxine kaitanua kiunoni. Mkono wa kushoto umelala pajani. Uso mtupu, hauna nyota. Yule wa Stoke amesimama pembeni, kachorwa, kapambwa, anatazama sakafu kwa huruma.

"Mwambie kijana aende," Trevor akasema. "Mimi nimeshindwa. Mkono unatetemeka, Max naye anatetemeka kunizidi. Na kioo sikitaki."

Hapo ndipo miguu ilipoanza.

Mbili, moja. Mbili, moja. Mwanzoni ilikuwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Halafu vikombe vikaanza kulia kwenye rafu. Birika likatetemeka. Trevor akafumba macho.

"Wanapiga miguu kwa ajili ya nani?" nikamuuliza.

"Jasper."

"Jasper ni nani?"

Akageuza uso.

Nikachukua brashi na kopo la rangi ya fedha mikononi mwa Maxine. Sauti yangu ikatoka ile ya bwaloni, sikuitafuta, ilikuja yenyewe. "Geuka huku. Kioo kakitaja nani? Kioo ni mimi."

Akafumbua macho.

Nikapiga magoti mbele yake, magoti yenyewe haya yanayolia kama bawaba. Nikalishika lile shavu lililolegea. Lilikuwa la moto, laini, la binadamu. Nikachora pale pale nilipokuwa nikiiona kwenye televisheni ya baba, ncha kwa ncha, nikiilinganisha na yangu kana kwamba najichora mwenyewe. Brashi ilipita na yeye hakupepesa.

"Utaanza lini?" akaniuliza.

Hakuwa ameisikia brashi. Shavu lile halisikii kitu. Maxine akageukia sinki.

"Nimemaliza," nikasema. "Itazame."

Akanitazama. Alianza kwa macho, kisha akateremka kwenye shavu langu la kulia, na akakaa hapo muda mrefu, akisogeza kichwa huku na huku kama mwanamume anayekagua tai kabla ya harusi.

"Ncha ya chini imepinda," akasema.

Nikachovya kidole. Nikainyoosha ncha, ya kwangu. Ya kwake sikuigusa, haikuwa na kasoro.

"Sasa sawa," akasema, akanyoosha mkono mzima, na yule kijana wa Stoke ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika amwinue.

Nilirudi mbele mbio, nikajipenyeza hadi kwa Lorraine. Akanipigia kelele sikioni, lile bovu, "Ni nani anatoka?" Nikaanza kupiga miguu. Mbili, moja. Mbili, moja. Kitu cheupe kikaniangukia kichwani. Chokaa. Dari la Alma lilikuwa linatumwagikia tena, na safari hii hakuna wa kulipaka upya, tukapiga miguu kwa nguvu zaidi.

Pazia likafunguka na akatoka ameshika bega la Roy. Hatua ndogo. Alipofika katikati akaliachia bega.

Sijawahi kusikia kelele ile. Haikuwa ya furaha tu. Watu walimwona uso, wakaona kilichompata, na hakuna aliyenyamaza hata nukta. Yeye akasimama pale, nusu ya uso inacheka na nusu imelala, suti inawaka, akaangaza macho ukumbi mzima, mstari hadi mstari. Alikuwa anajitazama. Mashavu yote yale ya wazee, na nyota yake juu ya kila moja, upande wake.

Akaimba. Maneno mengine yaliteleza na sisi tukayaokota. Kwenye "Doreen" alisahau ubeti mzima, akacheka, akatuelekezea maikrofoni, na Denise, aliyekuwa na picha tu, aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote bila kukosea neno. Nilimtazama mtu yule na kujiona tena nina miaka kumi na minne, mbele ya televisheni, siamini kwamba katoka kwetu.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa polepole. Hapo nikashindwa. Machozi yalinitoka, la kushoto nikaliwahi, la kulia likanizidi likapita katikati ya nyota, nikahisi rangi inachuruzika mpaka kidevuni. Sikujifuta. Nilikuwa nimemshika Lorraine kwa mikono miwili.

Jasper akainamisha macho, akaniona.

Hakuacha kuimba. Aliinua mkono ule mzima, taratibu, akaupeleka kwenye shavu asilolisikia, na akalifuta. Nyota yake ilikuwa kavu.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua imekatika. Lorraine kapiga simu kuuliza kama nimenawa uso. Nimemwambia ashike adabu yake.